Habari za William Lenthall, Wakili wa Mji Mdogo Aliyekuwa Spika

Neno Spika tumelipokea kwa Waingereza, na maana yake ni msemaji. Mtu akiingia katika Bunge la Dodoma atamwona Spika ameketi katika kiti kilichoinuliwa, na siwa imewekwa mbele yake, na kila mjumbe atakaye kunena humwelekea yeye. Walakini yeye mwenyewe haneni sana, wala hashiriki katika mabishano. Wengi huuliza, Je, mbona aitwaye msemaji ndiye asiyesema? Sababu yake ni ya kale. Spika hakuwekwa aseme yake mwenyewe, bali aende mbele ya mfalme na kumweleza yale ambayo wajumbe wa raia wamekubaliana. Yeye alikuwa kinywa chao.

Katika Tanganyika Baraza la Kutunga Sheria liliwekwa mwaka 1926, na kwa miaka mingi Gavana mwenyewe ndiye aliyekalia kiti kile. Spika wa kwanza alipatikana mwaka 1953. Kwa hiyo desturi hizi zilipotufikia zilikuwa zimekwisha kuzeeka kwa wenyewe. Nazo zilikuwa zimepita katika moto, zamani za Mfalme Charles wa kwanza, na aliyekuwa kitini siku ile moto ulipowaka ni mtu mmoja jina lake William Lenthall. Hakuwa shujaa, wala hakuhesabiwa na wenziwe kuwa mtu wa akili nyingi mno. Hiyo ndiyo sababu habari zake zafaa kusomwa, maana habari za mashujaa tunazo nyingi.

Alizaliwa mwaka 1591 katika Henley, mji ulio kando ya mto Thames, katika wilaya ya Oxford. Alisoma Oxford kwa muda, akatoka bila kupata shahada, akaingia Lincoln's Inn huko London, mahali ambapo mawakili hufundishwa sheria, na mwaka 1616 akapewa ruhusa ya kusimama mbele ya mahakimu. Kazi yake ikastawi. Mji mdogo wa Woodstock, ulio karibu na Oxford, ukamfanya mwanasheria wake na hakimu wake, na mwaka 1624 ukamtuma Bungeni. Baadaye mji wa Gloucester nao ukampa kazi kama ile. Akapata mali, akanunua nyumba kubwa katika Burford, iliyojengwa mahali palipokuwa zamani nyumba ya watawa. Mpaka hapo maisha yake ni ya wakili ye yote wa mashambani aliyefanikiwa: kesi za mipaka ya mashamba, wosia, madeni, na ada zilizolipwa kwa wakati wake. Kama angalikufa akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, asingalikumbukwa na mtu ila watoto wake na wadeni wake.

Lakini siku zile nchi ilikuwa katika taabu. Mfalme Charles aliamini ya kwamba amewekwa na Mungu na kwamba hatoi hesabu kwa mwanadamu. Mwaka 1629 aligombana na Bunge, akaamuru lifungwe. Spika wa siku ile, Sir John Finch, alipotaka kuinuka kitini ili kikao kiishe, wajumbe wawili wakamshika na kumkalisha kwa nguvu, mmoja wao akiwa Denzil Holles. Naye Finch akalia machozi, akasema yeye ni mtumishi wa mfalme na hawezi kuiasi amri yake. Hebu tuliweke neno lile akilini, mtumishi wa mfalme, maana tutalihitaji hivi karibuni. Baada ya hayo mfalme alitawala miaka 11 bila Bunge, akitoza watu kodi ya merikebu pasipo ridhaa yao. Mwisho akataka kuwalazimisha Waskoti kusali kwa Kitabu cha Sala wasichokitaka, nao wakashika silaha. Vita hutaka fedha, na fedha hutaka Bunge. Basi mwaka 1640 akaliita.

Bunge lilikutana tarehe 3 Novemba 1640. Mfalme alikuwa amekwisha kumchagua moyoni mtu wa kuwa Spika, yaani hakimu wa mji wa London, lakini watu wa London hawakumpeleka mtu yule Bungeni. Ikawa lazima atafutwe mwingine kwa haraka, na Lenthall akaonekana kuwa wakili mwenye adabu asiye na adui. Hivyo ndivyo alivyopanda kitini. Cheo kile hakikuwa cha kutamaniwa sana. Kikao kilianza asubuhi kikaendelea hata usiku, Spika hakuweza kuondoka, mapato ya uwakili yakakauka, na nyumba yake ya London ilipasa kuwa na meza ya kuwakaribisha wakubwa. Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 1641, Lenthall alimwandikia karani mkuu wa mfalme akiomba afunguliwe katika kazi ile kwa kuwa inamfilisi. Hakufunguliwa.

Yafaa msomaji apate picha ya mahali penyewe. Wajumbe wa raia walikuwa wakikutana katika kikanisa cha zamani katika jumba la kifalme la Westminster, kikanisa cha Mtakatifu Stefano. Waliketi safu mbili zikitazamana, kama waimbaji waketivyo katika kanisa kubwa, na kiti cha Spika kiliwekwa juu ya ngazi pale ilipokuwa altare. Hata leo wajumbe wa Uingereza hutazamana vivyo hivyo.

Tarehe 3 Januari 1642 mfalme aliwashitaki kwa uhaini wajumbe watano: John Pym, John Hampden, Denzil Holles, Arthur Haselrig na William Strode. Bunge halikuwatoa. Basi siku ya pili yake, alasiri, mfalme mwenyewe akaja na watu wenye silaha wapata mia nne. Hakuna mfalme aliyekuwa amefanya jambo kama lile. Akawaacha askari ukumbini nje, lakini mlango ukashikwa wazi makusudi, ili wajumbe wazione bastola na panga. Naye akaingia pamoja na mpwa wake, akavua kofia. Wajumbe nao wakavua kofia zao, wakasimama. Akapita katikati yao mpaka kwenye kiti, akamwambia Lenthall ya kuwa kwa kitambo kidogo amwazime kiti chake.

Akasimama pale akatazama. Akauliza, Pym yuko hapa? Kimya. Akauliza habari za Holles. Kimya. Ndipo akamgeukia Spika, akamwuliza kama watu wale wamo humo ndani, naye anawaona wapi.

Fikirini hali ya mtu yule. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, mwenye mke na watoto na shamba. Mbele yake mfalme; nyuma ya mfalme, mlangoni, bastola. Akisema hawamo, atawajulisha askari kwamba wamekimbia na waweza kufuatwa. Akisema sijui, amesema uongo. Akikataa kwa jeuri, ameasi. Lenthall akapiga magoti, akamwomba mfalme radhi, akasema ya kuwa katika mahali pale yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kunena, ila kama Baraza lipendavyo kumwongoza, maana yeye ni mtumishi wa Baraza.

Mfalme akajibu kwamba si kitu, macho yake mwenyewe ni mema kama ya mtu mwingine. Akatazama tena safu kwa safu. Akaona ya kwamba ndege wamekwisha kuruka, ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa kuwa wale watano walikuwa wamepata habari mapema, wakashuka mtoni na kuchukuliwa kwa mashua mpaka mjini London. Akatoka, na wajumbe nyuma yake wakipaza sauti kwamba haki yao imevunjwa. Siku sita baadaye aliihama London, wala hakurudi tena ila kama mfungwa. Na tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia katika Baraza la raia likiwa kikaoni.

Maneno yale ya Lenthall yamesifiwa sana. Nami nayasifu, lakini tusiyaone kuwa yalivyo siyo. Hayakuwa maneno ya mtu wa vita. Yalikuwa maneno ya wakili: hayana uongo ndani yake, hayana tusi, hayamtoi mtu, wala hayampi mfalme sababu ya kumkamata aliyeyasema. Tena yanageuza neno la Finch juu chini. Finch alilia kwamba yeye ni mtumishi wa mfalme. Lenthall, akiwa amepiga magoti vilevile na huenda akiogopa vilevile, alisema yeye ni mtumishi wa wale waliomtuma. Tofauti yote imo katika neno moja, na neno lile liligeuza desturi ya nchi.

Nasi twayajua maneno haya kwa sababu ya kijana mmoja, John Rushworth, karani msaidizi, aliyeketi mezani na kuyaandika kwa mwandiko wa mkato. Usiku ule mfalme alimwita, akadai nakala. Rushworth akaomba asitoe, akikumbusha ya kuwa mtu aliwahi kutiwa gerezani kwa kumpelekea mfalme habari za mambo yaliyonenwa Barazani. Mfalme akasema hataki maneno ya wajumbe, ataka maneno yake yeye mwenyewe. Walimu mtaona jinsi lilivyokuwa jambo zito, kuyachukua nje maneno ya mjumbe na kumpelekea mwenye nguvu. Hata karani mdogo alilijua.

Vita vikaanza mwezi wa Agosti 1642, kati ya mfalme na Bunge. Lenthall akabaki kitini. Bunge likamwahidi pauni 6,000 kwa ajili ya hasara zake, na mwaka 1643 likampa cheo cha Mtunza Hati Mkuu, ambacho ni cha hakimu mkubwa chenye mapato mema. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Spika aliyelia umaskini sasa anatajirika. Katika miaka ile maaskofu waliondolewa, na Januari 1645 Bunge likakataza Kitabu cha Sala kisitumiwe makanisani, likaweka utaratibu mwingine. Aliyetia swali lile kwa wajumbe, kama ilivyokuwa kazi yake, ni Lenthall. Yeye mwenyewe alipenda sala zile za kale. Lakini Spika hana ulimi. Neno lililokuwa ngao sasa lilianza kuwa mto wa kulalia.

Bunge lilipokwisha kumshinda mfalme, jeshi likalishinda Bunge. Mwezi wa Julai 1647 vijana wa London waliingia Barazani kwa fujo, wakamzuia Spika kitini mpaka wapigiwe kura waitakayo. Siku chache baadaye akakimbilia kwa jeshi apate ulinzi, akarudishwa na majemadari. Tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Pride akasimama mlangoni na askari, akawazuia wajumbe wengi wasioafikiana na jeshi. Waliobaki wakaamua mfalme ahukumiwe. Lenthall hakuwa mmoja wa mahakimu wake, wala hakutia sahihi hukumu. Lakini alikuwa kitini swali lilipotolewa, naye ndiye aliyelitoa. Tarehe 30 Januari 1649 Mfalme Charles alikatwa kichwa mbele ya jumba lake mwenyewe.

Kwa kuwa ufalme ulifutwa na Baraza la Mabwana likafutwa, wakili wa Woodstock akajikuta mtu wa kwanza wa nchi kwa cheo. Mwaka ule ule, mwezi wa Mei, vita vya ndani vilimfuata hata kijijini kwake. Askari walioasi kwa ajili ya mishahara yao na haki za watu wadogo walikamatwa Burford, wakafungiwa ndani ya kanisa, na watatu kati yao wakapigwa risasi uani mwa kanisa lile.

Tarehe 20 Aprili 1653 jemadari Oliver Cromwell aliingia Barazani, akaketi akasikiliza kidogo, kisha akasimama akawatukana wajumbe, akaita askari. Lenthall akakataa kushuka. Akasema hatatoka asipoondolewa kwa nguvu. Ndipo jemadari Harrison akamwambia kwamba atampa mkono, akamshika mkono, naye akashuka. Siwa, ambayo Cromwell aliiita kichezeo cha mpumbavu, ikachukuliwa na askari. Mimi naliona jambo hili kuwa bora kuliko lile la 1642, ijapokuwa halisimuliwi sana. Mara ya kwanza alikuwa na Baraza zima nyuma yake. Mara hii alikuwa mzee peke yake, na aliyekuwa mbele yake hakuwa mfalme wa kuvua kofia.

Lakini mwaka uliofuata, 1654, Cromwell alipoita Bunge lake, Lenthall alikubali kuwa Spika wake. Na Cromwell alipounda Baraza jingine la wakubwa, Lenthall alinung'unika kwa kuwa jina lake halimo, mpaka akaitwa. Mwezi wa Mei 1659, Cromwell akiwa amekwisha kufa, majemadari walitaka Bunge la kale lirudi, wakaenda kumwomba Spika. Yasimuliwa kwamba alitoa udhuru mwingi: ni mgonjwa, tena anajitayarisha kwa Meza ya Bwana Jumapili ijayo. Wakamjibu kwamba maandalio mema ya Meza ni kutimiza wajibu wako. Hata alipoona wenziwe wanakwenda bila yeye, akavaa joho akatoka nao.

Mwaka 1660 ufalme ukarudi, na Charles wa pili akaingia London. Lenthall alimpelekea pauni 3,000, akitumaini kuachiwa cheo chake cha Mtunza Hati. Fedha zikapokelewa, cheo hakuachiwa. Sheria ya msamaha ilipotungwa, jina lake likatengwa, na ingawa hakupoteza uhai wala mali yake, alikatazwa kushika kazi yo yote ya serikali maisha yake yote.

Sasa naja kwenye jambo lililo gumu kuandika. Oktoba 1660 walihukumiwa wale waliomhukumu mfalme. Mmoja wao alikuwa Thomas Scot. Ilitakiwa kuonyeshwa kwamba Scot alijisifu Bungeni kwa kifo cha mfalme, na shahidi aliyeitwa ni William Lenthall. Naye akatoa ushahidi wa maneno yaliyonenwa Barazani, mbele ya kiti chake. Scot akateta kwamba maneno ya mjumbe hayawezi kuchukuliwa nje ya Bunge. Hakusikilizwa, akauawa mwezi ule ule. Macho yasiyoona yalikuwa yameona, na ulimi usiokuwapo ukanena. Wako wanaosema alilazimishwa, maana uhai wake mwenyewe ulikuwa mikononi mwa watu. Huenda. Lakini Rushworth, karani asiye na cheo, alikuwa ameomba radhi usiku ule mbele ya mfalme mwenyewe. Na Lenthall ndiye aliyemfundisha kila mtu katika nchi jinsi ya kuomba radhi.

Akarudi Burford, akaugua mwaka 1662. Akamwita Padre Ralph Brideoak wa Witney, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Chichester, na padre yule aliandika yaliyotokea. Lenthall alimwambia ana kazi mbili kubwa, kuutayarisha mwili kwa udongo na roho kwa mbinguni. Akataka sala za Kanisa kwa wagonjwa, zile za Kitabu cha Sala, kitabu kile kile kilichokatazwa yeye akiwa kitini. Padre akamwongoza katika maungamo kwa kuzifuata amri za Mungu. Walipofika penye amri ya kuwaheshimu baba na mama, mgonjwa akasema hapo ndipo lilipo jambo linalomsumbua, kwa kuwa amemwasi baba wa nchi, mfalme aliyekufa.

Akasema ya kuwa yeye ni kama Sauli aliyeshika nguo za wauaji. Ila Sauli alikubali, na yeye Mungu amjua kwamba hakukubali kamwe. Kisha akaeleza habari za swali lile. Alisema alilitoa kwa sababu aliamini wanaolikataa ni wanne kwa mmoja anayelikubali, na kwamba kulitoa tu kutamwokoa mfalme, nao wakamdanganya. Msomaji atakumbuka ni mauti ya nani ambayo Sauli alisimamia, na kikanisa kile cha Westminster kiliitwa kwa jina la nani. Sijui kama mgonjwa mwenyewe aliwaza hayo.

Padre akamsomea maneno ya ondoleo, na siku iliyofuata akampa Sakramenti. Akazikwa katika kanisa la Burford. Alikuwa ameagiza asijengewe ukumbusho wo wote, na kama jiwe likiwekwa, liwe la kawaida, lisilo na jina la cheo wala habari za Bunge, ila maneno mawili ya Kilatini yatokayo katika Zaburi ya 22: Vermis sum, mimi ni funza.